Mzungu Alipokwenda Kushtaki

Tarehe 28 Novemba 2008, mjini Windhoek, Namibia, majaji watano wa Kiafrika walitoa hukumu ambayo karibu kila aliyeisikia alikuwa na maoni tayari kabla hajaisoma. Walitoka Mauritius, Malawi, Msumbiji, Angola na Botswana. Mahakama yao ilikuwa changa, mali ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, yaani SADC, na kesi hii ndiyo iliyoitangaza. Kwa kura nne dhidi ya moja walisema serikali ya Zimbabwe imewabagua wakulima wa Kizungu kwa sababu ya rangi yao.

Harare haikupepesa macho. Waziri Didymus Mutasa alisema majaji wanaota ndoto za mchana. Miezi mitatu baadaye, kwenye sherehe ya siku yake ya kuzaliwa, Rais Robert Mugabe aliiita hukumu hiyo upuuzi mtupu. Huku kwetu Tanzania walioipata habari wengi walicheka. Mzungu kaonewa? Pole yake. Kibao kimegeuka.

Kicheko hicho nakifahamu na sitaki kukidharau, maana kimebeba historia nzima. Mwaka 1930 walowezi wa Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, walijitungia sheria ya kugawa ardhi iliyowatengea karibu nusu ya nchi, nao walikuwa kikundi kidogo mno mbele ya wenyeji. Wenyeji wakasukumwa kwenye udongo wa kichanga na mvua za kubahatisha. Uhuru ulipokuja 1980, makubaliano ya Lancaster House yaliifunga mikono serikali mpya kwa miaka kumi: isiguse ardhi ila kwa kuinunua kutoka kwa anayetaka kuuza. Ilipofika 2000, Wazungu 4,000 na ushei walikuwa bado wameshikilia mashamba makubwa yenye rutuba. Mtu anayeyajua haya, akisikia mwenye shamba la hekta 1,200 analia kwamba amebaguliwa, hujikuta anacheka kabla hajafikiri.

Lakini kicheko kinajibu swali la nani alianza, na majaji hawakuulizwa hilo. Waliulizwa kama mtu aliyesimama mbele yao amenyang'anywa mali kwa sababu ya ngozi yake, bila kusikilizwa na mahakama, bila kulipwa. Swali la kwanza ni la mataifa na vizazi, la pili ni la mtu na jirani yake. Mazungumzo mengi kuhusu Mzungu anayedai kubaguliwa, kuanzia vijiwe vya kahawa hadi vikao vya marais, ni watu wanaolijibu moja wakidhani wamelijibu lingine.

Mtu mwenyewe aliitwa Mike Campbell. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1932, akanunua shamba la Mount Carmel, wilayani Chegutu, mwaka 1974, wakati Ian Smith, waziri mkuu wa walowezi, bado anatawala. Hapo mbishi wa kijiweni atapata pa kushika: alinunua kwa nani, na huyo naye alilipata kwa nani? Swali la haki. Ila mwaka 1999, serikali ya uhuru ikiwa na umri wa miaka 19, hati ya shamba hilo ilihamishwa upya na serikali ikathibitisha kwamba haina haja nalo. Campbell alilima maembe na machungwa, na mamia ya watu, wafanyakazi na familia zao, waliishi humo.

Mwaka uliofuata uvamizi wa mashamba ukaanza. Kisha, mwaka 2005, Bunge likapitisha Marekebisho ya 17 ya Katiba. Shamba likishatangazwa limetwaliwa, limekwisha kuwa la serikali. Mwenyewe haruhusiwi kwenda mahakamani kupinga. Fidia ni ya majengo na maendelezo, si ya ardhi. Milango ya nyumbani ilipofungwa namna hiyo, Campbell alipeleka jalada lake Windhoek mwezi Oktoba 2007. Baadaye wengine 77 wakaungana naye.

Yaliyompata kati ya kufungua kesi na hukumu yanastahili kusemwa taratibu. Tarehe 29 Juni 2008, siku mbili baada ya duru ya pili ya uchaguzi wa rais ambayo Mugabe alibaki peke yake ulingoni, genge lenye silaha lilimteka Campbell, mkewe Angela na mkwe wao Ben Freeth. Walipigwa kwa saa nyingi. Campbell alikuwa mzee aliyekwisha kuvuka miaka 70. Kabla ya kuwaachia, watekaji walilazimisha karatasi ya kuondoa kesi itiwe saini. Kesi haikuondolewa. Iliposikilizwa mwezi uliofuata, mawakili wa Zimbabwe walisimama na kutoka ukumbini.

Anayeweza kusoma aya hiyo na bado akacheka ana moyo mgumu. Lakini nasisitiza jambo moja ambalo filamu kuhusu familia ya Campbell haikuweza kulipa nafasi yake: waliouawa na kuteswa nchini Zimbabwe katika kampeni ya mwaka huo karibu wote walikuwa weusi, wafuasi wa chama cha upinzani cha MDC au watu waliodhaniwa kuwa wafuasi. Nitarudi kwao, kwa sababu bila wao kesi hii haieleweki.

Sasa hukumu yenyewe. Jaji aliyekataa kuungana na wenzake ni Onkemetse Tshosa wa Botswana, na hoja yake si ya kupuuzwa. Sheria, alisema, inalenga ardhi ya kilimo, hailengi watu wa rangi fulani. Ikiwa walioguswa ni Wazungu, ni kwa sababu ardhi ya aina hiyo iko mikononi mwao. Wale wanne, wakiongozwa na Ariranga Pillay wa Mauritius, walijibu kwamba sheria hupimwa pia kwa wale inaowaumiza, hata kama maneno yake hayataji rangi ya mtu.

Mtanzania anaijua hoja ya Tshosa hata kama jina la jaji huyo hajawahi kulisikia. Mwaka 1971 Bunge letu lilipitisha sheria ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria ilisema jengo, haikusema Mhindi. Lakini pita Upanga au Kisutu, ukakae na mzee aliyekulia pale, umwulize nyumba zile za Shirika la Nyumba zilikuwa za nani. Jengo lililokuwa limezidi miaka kumi halikulipwa fidia. Mwalimu Nyerere, ambaye mwaka 1961 aliliambia Bunge kuwa serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali uraia wa kubagua rangi, hakuona katika sheria ya majengo ubaguzi wowote. Aliona vita dhidi ya ukabaila wa kupangisha nyumba. Nadhani aliamini hivyo kwa dhati. Familia za Kihindi zilizofunga mizigo kwenda Uingereza na Kanada ziliamini vingine kabisa, na sisi hatujawahi kukaa chini kulijadili jambo hilo mpaka mwisho. Ni rahisi zaidi kusema walikuwa wanyonyaji tukaendelea na safari.

Mimi naegemea upande wa wale wanne, na sababu yangu ni kipande kimoja cha hukumu yao ambacho wapinzani wa hukumu hawakitaji na wapambe wake nao hawakitaji. Majaji walisema kwamba mambo yangekuwa tofauti iwapo masharti matatu yangetimizwa: vigezo vya kuchukua mashamba viwe vya busara na vya haki badala ya kuokoteza, fidia ya haki ilipwe, na ardhi iende kweli kwa maskini, kwa wasio na ardhi na kwa waliosukumwa pembeni. Hayo yangetimia, walisema, kuwatendea wakulima hao tofauti na wengine kusingekuwa ubaguzi wa rangi.

Kwa hiyo mahakama hiyo hiyo iliyomtetea Mzungu ilikubali kwamba nchi iliyoibiwa inaweza kuchukua ardhi kwa Mzungu na kumpa mweusi, mradi ifanye kwa utaratibu na kwa lengo inalolitangaza. Hii si lugha ya mtu aliyesahau mwaka 1930. Waliomshangilia Campbell kama shujaa wa mali binafsi hawakupenda kukisoma kipande hicho. Waliomlaani hawakukisoma pia, kwa sababu kingewalazimisha kuuliza shamba lilikwenda kwa nani.

Lilikwenda kwa Nathan Shamuyarira. Alikuwa waziri wa zamani na mmoja wa wazee wa ZANU-PF, chama cha Mugabe, mtu aliyewahi kufundisha siasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati mji wetu ulikuwa makao ya wapigania uhuru wa nusu ya bara. Habari za ardhi iliyoporwa alizijua vizuri kuliko wengi wetu. Mkulima wa Chegutu asiye na pa kupanda mahindi hakuonekana popote katika karatasi za Mount Carmel.

Hata hivyo watetezi wa Campbell hupenda kuishia hapo, na hapo si mwisho. Ian Scoones na wenzake, waliofuatilia mashamba yaliyogawiwa mkoani Masvingo kwa miaka kadhaa na kuchapisha kitabu mwaka 2010, waligundua kuwa karibu theluthi mbili ya waliopata ardhi huko walikuwa watu wa kawaida kutoka vijijini na mijini. Nchi nzima zaidi ya kaya 140,000 zilipata mashamba. Wakubwa walijichukulia mazuri, tena mengi, lakini kusema ardhi yote iliishia kwa wakubwa ni uongo. Ukweli wa Masvingo haumpunguzii Campbell kipigo hata kimoja, na kipigo cha Campbell hakimnyang'anyi mama wa Masvingo haki ya kulima.

Tukiacha Afrika, walioipokea kesi hii kwa bidii kubwa zaidi walikuwa Uingereza, na bidii yao ndiyo chimbuko la nusu nyingine ya kicheko chetu. Kati ya 1983 na 1987 kikosi cha jeshi cha Zimbabwe kilichofunzwa na Wakorea Kaskazini, Brigedi ya Tano, kiliwaua raia wa Matabeleland na Midlands. Makadirio yanayotajwa mara nyingi yanafikia watu 20,000. Mwaka 1984, mauaji yakiendelea, Chuo Kikuu cha Edinburgh kilimpa Mugabe shahada ya heshima. Mwaka 1994 Malkia Elizabeth akampa nishani ya heshima. Shahada ilifutwa 2007, nishani ikafuatia 2008. Katikati ya kupewa na kunyang'anywa yalikuwapo mambo mengi, kuporomoka kwa uchumi na wizi wa kura vikiwamo, lakini Mndebele yeyote atakuambia ni kilio cha nani kilichofika London na ni cha nani kilichokufia njiani.

Na mwaka ule ule wa 2005, wa Marekebisho ya 17, serikali ya Mugabe ilibomoa vibanda na nyumba za maskini wa mijini katika operesheni iliyoiita Murambatsvina. Mtanzania mwenzetu Anna Tibaijuka, aliyekuwa mkuu wa UN-Habitat, alitumwa na Umoja wa Mataifa kwenda kuona. Ripoti yake ilisema watu wapatao 700,000 walipoteza makazi, riziki au vyote viwili. Wengi mno kati yao walikuwa weusi. Umoja wa Afrika ulisema hayo ni mambo ya ndani ya Zimbabwe. Basi sisi tunaowasuta Wazungu kwa kusikia sauti ya Mzungu tu, Murambatsvina tuliisikia vizuri? Mkuki kwa nguruwe mtamu, na nguruwe wa mwaka huo alikuwa mchuuzi wa nyanya wa Mbare, Harare.

Kundi lililopotea kabisa ni la wafanyakazi wa mashambani. Walikuwa mamia ya maelfu, wengi wao watoto na wajukuu wa vibarua walioletwa kutoka Malawi, Msumbiji na Zambia. Shamba likivamiwa walipoteza kazi, nyumba na shule ya watoto kwa siku moja. Kwa wavamizi walikuwa vibaraka wa Mzungu. Kwa sheria ya uraia iliyorekebishwa mwaka 2001 wengi wao waligeuka wageni katika nchi waliyozaliwa, mpaka waukane kwa maandishi uraia wa nchi ambazo hawajawahi kuzitia machoni. Nani alidai kwamba hao wamebaguliwa? Wazungu walimlilia Mzungu, nasi tukamcheka Mzungu, na Mmalawi wa kizazi cha tatu akalala kando ya barabara kuu.

Siku hizi kilio cha Mzungu kimepata spika kubwa kuliko zote duniani, na spika hiyo inakiharibu. Tarehe 21 Mei 2025, katika Ikulu ya Marekani, Donald Trump alimwonyesha Cyril Ramaphosa rundo la karatasi kuthibitisha kwamba wakulima weupe wa Afrika Kusini wanauawa kwa halaiki. Picha moja ilionyesha wahudumu wakishughulikia maiti zilizofungwa kwenye mifuko. Reuters ilieleza baadaye kuwa picha hiyo imetoka kwenye video yake yenyewe, iliyopigwa Goma, mashariki mwa Kongo, mwezi Februari, baada ya mapigano na waasi wa M23. Wafu wa Goma, watu ambao pengine walisali na kugombana na kuchumbiana kwa Kiswahili, walitumika kuwa ushahidi wa mauti ya Makaburu. Tazama na hili: siku tisa kabla, Waafrikana wapatao 59 walikuwa wamepokewa Marekani kama wakimbizi, ilhali mlango huo huo ulikuwa umefungwa tangu Januari kwa karibu wengine wote, Wakongo wakiwamo, ambao mwaka wa bajeti wa 2024 ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi walioingia huko.

Wakulima Wazungu huuawa Afrika Kusini. Hilo ni kweli na ni uchungu. Huuawa katika nchi ambayo watu zaidi ya 25,000 huuawa kwa mwaka, wengi wao weusi. Anayeyaita hayo mauaji ya halaiki kwa picha ya Goma huwapa wacheshi wa kijiweni kazi rahisi: mkulima atakayekuja na dai la kweli, lenye tarehe na shahidi, atachekwa kwa uongo wa mwingine. Campbell alikuwa na tarehe na mashahidi.

Tumalizie na marais, kwa sababu wao hawakucheka. Wao walichukua hatua. Mugabe alikuwa na heshima kubwa miongoni mwao. Mwaka 2002 jijini Johannesburg, kwenye mkutano wa dunia wa maendeleo endelevu, alimwambia Tony Blair abaki na Uingereza yake amwachie Zimbabwe yake, na akapigiwa makofi. Hukumu ya Windhoek ilipokataliwa Harare, mahakama iliirudisha kwa wakuu wa nchi za SADC wamchukulie hatua mwanachama aliyekaidi. Agosti 2010 wakuu hao wakachukua hatua dhidi ya mahakama. Waliisimamisha. Mwaka 2014 waliandika itifaki mpya ya kuifufua, yenye kipengele kimoja cha ajabu: wanaoruhusiwa kushtaki ni serikali dhidi ya serikali. Raia asiingie. Sioni kwamba sababu ilikuwa mapenzi kwa Mugabe peke yake. Kila mmoja aliyekaa mezani alikuwa na Campbell wake nyumbani, na si lazima awe Mzungu.

Ushahidi wa hilo ulikuwa tayari ndani ya makabati ya mahakama. Ilikuwamo kesi ya Gondo na wenzake wanane, Wazimbabwe weusi walioumizwa na askari na polisi wa nchi yao, wakashinda kesi nyumbani, kisha serikali ikakataa kuwalipa. Waliipeleka Windhoek kama Campbell alivyofanya. Desemba 2010, mahakama ikiwa imekwisha kusimamishwa, hukumu yao ilitoka na walishinda. Sijapata kumsikia mtu yeyote, Mwafrika wala Mzungu, akiitaja barazani.

Campbell alifariki Aprili 2011. Nyumba yake ilikuwa imeungua tangu 2009. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, chini ya Jaji Mkuu Mogoeng Mogoeng, ilikubali hukumu ya Windhoek itekelezwe nchini humo, na mwaka 2015 nyumba ya serikali ya Zimbabwe jijini Cape Town ikapigwa mnada. Julai 2020 serikali ya Emmerson Mnangagwa, mrithi wa Mugabe, ilitia saini makubaliano ya kuwalipa wakulima Wazungu dola bilioni 3.5 kwa maendelezo ya mashamba yao, fedha ambazo hazina yake haikuwa nazo.

Na huku kwetu, Chama cha Wanasheria Tanganyika kiliishtaki serikali yetu kwa kushiriki kuiua mahakama ya SADC. Juni 2019 Mahakama Kuu ya Tanzania ilikubaliana nacho kwamba kitendo kile kilikwenda kinyume na utawala wa sheria. Novemba mwaka huo huo Tanzania ilijiondoa katika tamko linalowaruhusu raia na mashirika kuishtaki moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha. Katika kesi za Arusha dhidi ya Tanzania hapakuwa na walowezi wala machungwa. Walioitumia zaidi ruhusa hiyo walikuwa wafungwa, wakiwamo wa gereza la Butimba, Mwanza, waliodai hawakuhukumiwa kwa haki.